Nani Ataiweka Gorogoro ya Mama?

Nina ugomvi na neno "jadi", na ugomvi wenyewe ulianzia Kitale.

Nilipanda matatu Bungoma asubuhi, tukapitia Webuye, Misikhu na Kiminini, nikashuka Kitale na kuchukua boda hadi makumbusho. Nilikuwa nimefika hapo mara moja tu, nikiwa darasa la sita, na kumbukumbu yangu yote ilikuwa nyoka. Waulize wenzako waliosomea huku magharibi, wengi watakwambia vivyo hivyo: tulipelekwa kuona nyoka na mamba, tukala mkate na soda, tukarudi shule tukiimba. Safari hii nilitaka kuona watu.

Makumbusho ya Kitale yalianza kama mali ya mtu mmoja. Luteni Kanali Stoneham, Mwingereza aliyeishi hapo, alikusanya wadudu, ndege na vitabu kwa miaka mingi, na mwaka 1926 akafungua makumbusho yake binafsi. Alipofariki 1966 aliacha mkusanyiko wake pamoja na pesa za kujenga, na Desemba 1974 yakafunguliwa Makumbusho ya Kitaifa ya Magharibi mwa Kenya. Kwa hilo namheshimu mzee huyo. Aliona kipepeo mdogo anastahili pini, sanduku na karatasi yenye jina.

Lakini jiulize, mwaka huohuo wa 1926, nani aliandika karatasi ya vibarua waliokuwa wakilima mahindi kwenye mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia? Walikuwa na sufuria. Walikuwa na blanketi, na kipande walichovaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Walikuwa na nyumba, na jioni walikaa wakaongea. Kipepeo ana jina na tarehe. Babu yako ana nini?

Utaniambia ukumbini mna vitu vya Waafrika pia. Ndiyo, mna vibuyu na vigoda, na nje kuna nyumba za kienyeji zilizoezekwa nyasi. Sina ubaya navyo. Mwalimu aliyekuwa na darasa lake siku hiyo aliwaonyesha watoto nyumba moja akasema, "Hivi ndivyo tulivyoishi." Mtoto mmoja akauliza, "Kina nani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyosikia mchana huo. Mimi nimezaliwa chini ya mabati. Mama yangu pia alizaliwa chini ya mabati. Ukifuata hesabu ya "jadi", tuliishi kwenye nyasi, halafu pakawa kimya, halafu tukajikuta tumeshika simu. Miaka yote ya katikati, ile ambayo wazazi wetu waliishi, haihesabiwi kama maisha ya kuwekwa popote.

Yani hakuna anayedhani koroboi ni historia. Wala kile kitambaa cha kufuma kilichofunika kila kiti na kila redio, kingine kikiwa kimeshonwa "Karibu Mgeni" kwa uzi mwekundu. Wala pakiti ya maziwa ya Nyayo, ile yenye pembe, ambayo watoto wa shule za msingi walianza kupewa 1979. Mamilioni ya pakiti zilinyonywa nchi hii. Nitafutie moja.

Halafu kuna gorogoro. Huu ni mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, ukaisha mafuta, ukaingia sokoni ukawa kipimo. Hakuna sheria iliyoupitisha. Akina mama walikubaliana tu, na hadi leo ukienda soko la Chwele au Kimilili, mahindi na maharagwe yanapimwa hivyo. Wachuuzi wajanja wanaugonga kitako uingie ndani kidogo ili ubebe pungufu, na wateja wajanja zaidi wanaugeuza kwanza kabla ya kulipa. Bei ya gorogoro ikipanda, nyumba nzima inajua bila kusoma gazeti. Ukitaka kumweleza mtoto wa 2090 jinsi watu wa Bungoma walivyokula, walivyoibiana na walivyoaminiana, mkebe huo mmoja unatosha kuanzia. Hakuna mkuki utakaokufanyia kazi hiyo.

Wajapani wameshaliona hili. Katika wilaya ya Ota, Tokyo, kuna nyumba ya mbao iliyojengwa 1951, nyumba ya familia ya kawaida kabisa. Mwaka 1999 ikawa makumbusho ya maisha ya kila siku. Hakuna panga la samurai la kukodolea macho. Unaingia unakuta jikoni, vyombo na meza ya kulia iliyo chini chini. Aliyeianzisha, Koizumi Kazuko, ni mtafiti wa samani na maisha ya nyumbani, na nyumba hiyo ilikuwa ya kwao. Na usiniambie Wajapani wana pesa. Nyumba ya mtu na sufuria zake za zamani, hilo ndilo jambo la pesa? Sisi tunajenga lango la kaunti kwa mamilioni.

Tena sheria ipo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la makumbusho. Liko kwenye orodha moja na kamari na leseni za pombe. Nenda Bungoma mjini uone ni kitu gani kwenye orodha hiyo kimechangamkiwa. Niliwauliza waendesha boda watatu makumbusho yako wapi. Wote walinielekeza Kitale.

Lakini nisiwatupie kaunti kila kitu, maana mikono yangu si safi. Kukhu alikuwa na pasi ya makaa, ile yenye jogoo mbele. Aliipigia nguo za baba za shule, kisha zetu. Ukiwa mdogo kazi yako ilikuwa kuipunga hewani makaa yashike, na ukiangusha cheche kwenye shati ulijua siku yako imeharibika. Alipofariki tuligawana mashamba kwa vikao vitatu, na wazee wakabishana mpaka usiku kuhusu mpaka wa migomba. Pasi haikutajwa. Binamu yangu alimuuzia mnunuzi wa vyuma kuukuu pamoja na mkebe wa kubandikia chai na kitanda cha chuma, vyote kwa kilo. Mimi nilikuwepo. Nilisaidia kubeba.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilimpigia Mama nikamwambia asitupe gorogoro yake, ile iliyotoboka pembeni akaiziba kwa sabuni.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kuweka."

"Kuweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aandike kwenye karatasi alinunua mafuta hayo mwaka gani na duka gani, aibandike ndani. Akacheka sana, akamwita jirani aje asikie. Halafu akasema ilikuwa 1994, duka la Mhindi karibu na stesheni, na kwamba mafuta yenyewe aliyanunua kwa sababu mimi nilikuwa nabatizwa.

Hilo sikuwahi kuambiwa.