Tuwaombolezee Marehemu Wetu Pamoja

Ndugu wananchi wa Burundi, mlioko milimani na mlioko mitaani,

Kila ifikapo tarehe 21 Oktoba, taifa letu huketi matanga mawili. Upande mmoja huwekwa mashada ya maua kwa taadhima ya Rais Melchior Ndadaye, Mhutu aliyechaguliwa na raia Juni 1993, kisha akauawa na wanajeshi kabla mwaka haujakwisha. Na upande wa pili, jamaa za Watutsi waliouawa katika kisasi kilichofuatia mauti yake, wakiwamo wanafunzi waliochomwa moto Kibimba, hukusanyika kuwalilia watoto wao. Misiba yote miwili ni ya kweli, wala mwenye insafu hawezi kuukana hata mmoja. Lakini madhali kila kundi hurejea nyumbani bila ya kumpa mwenziwe mkono wa tanzia, kumbukumbu hiyo hulisha uhasama badala ya kuuzima.

Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 baada ya juhudi za Marehemu Mwalimu Nyerere na Mzee Mandela, uliagiza ujengwe mnara wa taifa kwa ajili ya wahanga wote, na iwekwe siku ya taifa ya kuwakumbuka. Hekima ya agizo hilo ni bayana. Vita vilivyoanza 1993 hukadiriwa kuangamiza roho 300,000. Na kabla yake, mwaka 1972, baada ya uasi wa kusini ulioua Watutsi, Wahutu waliuawa maelfu kwa maelfu, wasomi wao wakitafutwa hata madarasani. Hapana kabila liwezalo kudai kuwa makaburi ya nchi hii ni yake peke yake.

Wala umoja huu si ndoto. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, vijana walioamrishwa na washambuliaji wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, walikataa kata kata, na 40 miongoni mwao wakauawa pamoja. Ikiwa wao hawakutengana mbele ya bunduki, sisi tulio hai na salama tuna udhuru gani?

Basi rai yangu ni hii. Katika kila mlima na kila mtaa, wazee wa busara (bashingantahe), mapadri, wachungaji na masheikh wakae na watu wao, waandike daftari moja la marehemu wote wa mahali hapo, lisilo na safu ya kabila. Aendaye kumwombea Ndadaye na aende Kibimba pia. Naye atokaye Kibimba na asimame kwenye kaburi la Ndadaye. Na sote kwa kauli moja tuwatake viongozi wetu waitimize ahadi ya Arusha, siku ya wahanga wote iadhimishwe na raia wote. Tusingoje amri kutoka juu: daftari laweza kufunguliwa wiki hii, na jirani aliyefiwa wa upande wa pili ndiye wa kwanza kualikwa.