Historia ya uchaguzi katika majimbo ya Bagamoyo na Chalinze

Majimbo ya Bagamoyo na Chalinze ni majimbo mawili ya uchaguzi katika wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani, nchini Tanzania. Kila moja huchagua mbunge mmoja wa Bunge la Jamhuri ya Muungano. Jimbo la Bagamoyo liko kando ya Bahari ya Hindi, kuanzia Mapinga iliyopakana na Dar es Salaam hadi mji wa Bagamoyo na vijiji vilivyo nyuma yake. Chalinze huchukua sehemu ya bara, pamoja na njia panda ya barabara za kwenda Morogoro na Tanga, na hufika tena baharini upande wa Saadani. Katika sensa ya mwaka 2012 wilaya nzima ilihesabiwa kuwa na wakazi 311,740.

Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, viti vyote viwili vimekuwa mikononi mwa Chama cha Mapinduzi (CCM). Hata hivyo wabunge wamebadilika mara kadhaa. Mabadiliko hayo yametokea ndani ya chama, katika kura za maoni, au kwa mbunge kuhama au kufariki. Kwa sababu hiyo historia ya uchaguzi wa sehemu hii haisomeki vizuri kwa kutazama siku ya kupiga kura peke yake.

Wakati wa chama kimoja

Kuanzia mwaka 1965 hadi 1990 uchaguzi wa wabunge Tanzania Bara ulifanyika chini ya chama kimoja, kwanza TANU na baada ya mwaka 1977 CCM. Chama kiliteua majina mawili kwa kila jimbo, na wananchi wote walioandikishwa walichagua mmoja. Kwenye karatasi ya kura wagombea walitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba. Utaratibu huo ulikuwa na mipaka yake, maana hakuna aliyeweza kugombea bila kupitishwa na chama. Lakini mwananchi asiye na cheo chochote aliweza kumwondoa mbunge, hata waziri: mwaka 1965 Paul Bomani, aliyekuwa waziri wa fedha, alishindwa jimboni kwake.

Uchaguzi wa mwisho wa namna hiyo ulikuwa wa mwaka 1990. Bagamoyo ilimchagua Jakaya Mrisho Kikwete, mzaliwa wa kijiji cha Msoga, ambaye alikuwa ameingia Bungeni mwaka 1988 kwa kuteuliwa na Rais Ali Hassan Mwinyi.

Kikwete na kiti cha Chalinze

Katika uchaguzi wa mwaka 1995, wa kwanza wa vyama vingi, Kikwete aligombea Chalinze, upande wa wilaya uliko Msoga. Mwaka huohuo aliwania kuteuliwa na CCM kuwa mgombea urais, akashindwa na Benjamin Mkapa katika duru ya pili ya kura za chama. Alibaki mbunge wa Chalinze na waziri wa mambo ya nje kwa miaka 10. Mwaka 2005 chama kilimteua huko Dodoma mbele ya Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya, na katika uchaguzi mkuu alipata asilimia 80 ya kura za urais.

Kiti alichokiacha kilichukuliwa na Ramadhani Maneno (2005-2010), kisha Said Bwanamdogo (2010-2014), wote wa CCM. Bwanamdogo alifariki Januari 2014, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 6 Aprili mwaka huohuo. CCM ilimsimamisha Ridhiwani Kikwete, mwanasheria na mtoto wa Rais aliyekuwa madarakani. Wiki tatu kabla yake, jimbo la Kalenga mkoani Iringa lilikuwa limemchagua Godfrey Mgimwa kujaza nafasi ya baba yake, waziri wa fedha aliyefariki. Chaguzi hizi mbili zilizua mjadala mkubwa nchini juu ya kurithishana uongozi.

Matokeo ya Chalinze hayakuonyesha mashaka yoyote: Ridhiwani alipata zaidi ya kura nane katika kila kumi. Upinzani uliingia umegawanyika, CHADEMA na CUF kila kimoja na mgombea wake, pamoja na vyama vidogo. Umoja wa UKAWA ulikuwa bado ndiyo kwanza unachipuka katika Bunge Maalum la Katiba lililokuwa likiendelea Dodoma. Ridhiwani amebaki na kiti hicho katika chaguzi zote zilizofuata. Aliteuliwa naibu waziri mwaka 2022 na waziri mwaka 2024.

Kawambwa na Bagamoyo

Jimbo la Bagamoyo liliwakilishwa na Shukuru Kawambwa kwa vipindi vitatu, kuanzia 2005 hadi 2020. Kabla ya siasa alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alishika wizara ya miundombinu na baadaye wizara ya elimu (2010-2015). Akiwa wizara ya elimu yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, matokeo yakapangwa upya, na wito wa kumtaka Kawambwa ajiuzulu ulisikika nchi nzima. Hakujiuzulu, na mwaka 2015 wapiga kura wa Bagamoyo walimrudisha Bungeni.

Uchaguzi huo wa 2015 ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi sehemu hii ilivyo tofauti na jirani zake. Upande wa kusini, jimbo la Kawe, linalofika hadi Bunju karibu na mpaka wa Mapinga, lilimchagua tena Halima Mdee wa CHADEMA. Upande wa kaskazini, Tanga Mjini ilikwenda kwa Mussa Mbarouk wa CUF. Mbali zaidi kusini mwa pwani, Kilwa Kusini ilibaki na Selemani Bungara wa CUF. Bagamoyo, mji wa Waislamu wengi na wavuvi kama Kilwa, na ulio karibu na Dar es Salaam kuliko Tanga, haukufuata upande wowote kati ya hizo. Dini, uvuvi na ukaribu na jiji havitoshi kueleza tofauti hiyo. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba kwa miaka 10 Rais mwenyewe alikuwa mtu wa wilaya hiyo, na kumpigia kura mpinzani kulionekana kama kujifungia mlango wa Ikulu.

Mwaka 2020 Kawambwa hakuwa tena mgombea. CCM ilimsimamisha Muharami Shabani Mkenge, naye akashinda katika uchaguzi ambao chama hicho kilichukua majimbo 256 kati ya 264 ya nchi nzima. Hata Kawe ilirudi CCM.

Kura za maoni

Kwa kuwa mgombea wa CCM ndiye amekuwa akishinda, swali la nani atakuwa mbunge hujibiwa miezi michache kabla ya uchaguzi, ndani ya chama. Kanuni za zoezi hilo zimebadilika kila mara. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote wenye kadi waliruhusiwa kupiga kura. Mwaka 2020 kazi hiyo ilirudishwa kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo, watu mia kadhaa tu. Mwaka 2025 idadi ya wajumbe iliongezwa. Katika mifumo yote hiyo vikao vya juu vya taifa ndivyo vyenye neno la mwisho, na vinaweza kumwacha aliyeongoza.

Aliyeshindwa hana njia nyingine ndani ya siasa za kwao. Katiba inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipinga sharti hilo mahakamani kuanzia mwaka 1993, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilimpa haki. Sharti halijaondolewa. Mbunge anayekosana na chama chake akafukuzwa uanachama hupoteza na kiti. Ukilinganisha na mwaka 1965, mkazi wa Zinga au Kerege asiye mwanachama alikuwa na sauti kubwa zaidi wakati wa jembe na nyumba, kwa sababu mchuano wenyewe ulifanyika mbele yake.

Ardhi, bandari na mbuga

Uzito wa jambo hili huonekana katika maswali ya ardhi. Mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo, eneo la Mbegani, ulitiwa saini Machi 2013 wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping wa China. Kampuni ya China Merchants na mfuko wa serikali ya Oman zilitarajiwa kuwekeza, na gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10. Kikwete aliweka jiwe la msingi Oktoba 2015, siku chache kabla ya kuondoka madarakani. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliyakataa masharti ya wawekezaji hadharani, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuufufua mradi. Marais watatu wakatoa maamuzi matatu, na katika muda huo wote jimbo lilikuwa na mbunge wa chama hichohicho. Wakazi wa Pande na Mlingotini, ambao vijiji vyao viko ndani ya eneo la mradi, walikaa miaka bila kujua kama wajenge nyumba ya kudumu au wasubiri kuhamishwa.

Hali ya Razaba, shamba la zamani la mifugo la Serikali ya Zanzibar, inafanana na hiyo. Mradi wa sukari wa kampuni ya Uswidi ulianza kupangwa hapo, ukasitishwa na serikali, kisha kilimo cha miwa kikaendelezwa na mwekezaji wa ndani, kundi la Bakhresa. Upande wa Chalinze, kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani mwaka 2005 kuliacha mgogoro wa mpaka na kijiji cha Uvinje.

Uchaguzi wa 2025

Tume ya uchaguzi, iliyobadilishwa jina mwaka 2024 kuwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, iliongeza majimbo ya nchi kutoka 264 hadi 272 kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. CHADEMA haikushiriki: ilikataa kusaini maadili ya uchaguzi mwezi Aprili na kuondolewa, huku mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa gerezani kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura kulitokea maandamano na umwagaji damu katika miji kadhaa, intaneti ikakatwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Viti vya Bagamoyo na Chalinze vilibaki CCM.