UCHANGANUZI: Kushusha gari si kosa, kosa ni kushusha bila kipimo

PENDEKEZO la serikali kwamba magari yaliyopitisha miaka minne tangu yaundwe yawe yakikaguliwa kila mwaka, lililotolewa katika rasimu ya kanuni za mwaka wa 2025, liliwagusa wamiliki wa magari ya kibinafsi ambao kwa muda mrefu wameuona ukaguzi kuwa shughuli ya matatu na malori.

Miongoni mwa wanaostahili kulitafakari zaidi ni vijana wanaomiliki saluni za kasi kama vile Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Mark X na BMW. Wengi wao wanapopata gari, jambo la kwanza wanalolifanyia ni kulishusha likaribie ardhi na kuyasukuma magurudumu nje mpaka yalingane na ukingo wa madigadi.

Kazi hiyo huhitaji vifaa viwili. Cha kwanza ni springi fupi zinazochukua mahali pa zile zilizokuja na gari. Cha pili ni spesa, yaani bamba la duara, aghalabu la alumini, ambalo hutiwa kati ya kitovu cha gurudumu na rimu ili gurudumu lisogee nje.

Vifaa hivyo si haramu, wala havikubuniwa na wahuni. Kampuni za Eibach na H&R za Ujerumani, pamoja na Tein na RS-R za Japani, zimejijengea jina kwa kuunda springi za aina hiyo. Gari lililo chini kidogo huyumba kwa uchache kwenye kona, na magurudumu yaliyotengana zaidi huliongezea uthabiti.

Hivyo basi, swali si iwapo gari lishushwe au lisishushwe. Swali ni lishushwe kwa kiasi gani, kwa vifaa vipi, na litapita kwenye barabara zipi. Hapo ndipo wamiliki wengi, na serikali yenyewe, wanapokosa jibu.

Inafaa kukumbuka jinsi Subaru ilivyopata sifa humu nchini. Ni mashindano ya Safari Rally yaliyoifanya kipenzi cha Wakenya, tangu enzi za Patrick Njiru na kigari chake cha Vivio mwaka wa 1993, hadi ushindi wa Colin McRae mwaka wa 1997 na Richard Burns mwaka wa 2000, wote wawili wakiendesha Impreza.

Kinaya ni kwamba magari hayo hayakushushwa. Wahandisi waliyainua, wakayaimarisha chini na kuyapa nafasi kubwa ya magurudumu kupanda na kushuka, kwa sababu walizijua barabara za Kenya. Gari linaloshushwa leo mtaani kwa kuiga fahari hiyo hufanyiwa kinyume cha kile kilicholiletea fahari.

Chukua mfano wa saluni yenye nafasi ya milimita 150 kati ya tumbo lake na ardhi. Ikishushwa kwa milimita 50, hubaki 100. Ikibeba abiria wanne na mizigo ya safari ya mashambani, nafasi hiyo hupungua tena. Tuta moja lililojengwa na wakazi bila alama wala rangi latosha kupasua sampu ya oili au kung'oa ekzosi.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Gurudumu linapogonga shimo, huhitaji nafasi ya kupanda kabla ya shoki kufika mwisho wake. Ikiwa nafasi hiyo ilikuwa milimita 80, kushusha gari kwa milimita 40 huondoa nusu yake. Kila kishindo kinachozidi nusu iliyobaki huenda moja kwa moja kwenye mwili wa gari, kwenye tairi na kwenye mgongo wa dereva.

Ndiyo maana springi nzuri za kushushia huundwa zikiwa ngumu kuliko za awali. Lakini ugumu huo huzitwika shoki mzigo ambao hazikuundiwa. Shoki zilizochakaa, kama zilivyo katika magari mengi ya mitumba, haziwezi kuituliza springi ngumu. Gari hudundadunda, na tairi linaloruka halishiki barabara wakati breki inapokanyagwa.

Kwa sababu hiyo, anayetafuta springi anapaswa kuanzia kwenye kile kilichomo garini. Shoki, mipira ya mikono ya gurudumu na viungo vyake vikiwa vimelegea, fedha za springi mpya zingefaa zaidi kuvirekebisha kwanza. Baada ya hapo, kushusha kwa milimita 20 hadi 25 huwa kunatosha kwa gari la kutumiwa kila siku. Anayetaka zaidi ya milimita 30 anafaa kununua springi pamoja na shoki zilizoundwa kufanya kazi pamoja.

Kuna hoja nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Katika magari mengi yenye muundo wa magurudumu ya mbele kama wa Impreza, mkono wa chini unaoshika gurudumu unapaswa kulala karibu sambamba na ardhi. Gari likishushwa kupita kiasi, ncha ya nje ya mkono huo huinuka, na gari huweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyolala likiwa juu. Mwenye gari huwa ameghilibiwa na macho: linaonekana la mashindano, lakini halishiki barabara kama la mashindano.

Baya kuliko yote ni kukata springi. Fundi asiye na msimamizi huchukua msumeno au gesi na kuondoa duru moja au mbili, kazi ya muda mfupi na ya bei nafuu. Springi yenye duru sita zinazofanya kazi ikikatwa moja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20 bila mtu kupanga iwe hivyo. Ncha iliyokatwa haikai vyema kwenye kiti chake, na moto wa gesi huidhoofisha chuma. Springi inaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaponing'inia, au kuvunjika gari likiwa mbioni.

Kuhusu spesa, vipimo ndivyo kila kitu. Impreza WRX nyingi za kizazi kilichoanza mwaka wa 2000 zina boliti tano kwenye duara la milimita 100, ilhali STI kuanzia modeli ya 2005 hutumia duara la milimita 114.3. Tundu la katikati ya kitovu ni milimita 56.1. Spesa isiyokumbatia kitovu hicho sawasawa huliacha gurudumu lishikiliwe na boliti pekee, na mtetemo kwenye usukani huwa dalili ya kwanza.

Boliti za Subaru zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati husogea milimita 1.25. Kanuni ya mafundi waangalifu ni kwamba nati iume uzi usiopungua unene wa boliti yenyewe. Hiyo ni sawa na takriban mizunguko 10 kamili. Spesa ya milimita 10 ikitiwa juu ya boliti za kiwandani, nati huweza kushika mizunguko michache tu, na maisha ya abiria yakategemea uzi huo mfupi.

Suluhisho ni kubadilisha boliti na kuweka ndefu, au kutumia spesa nene yenye boliti zake yenyewe, ambayo kwa kawaida huanzia milimita 20. Hata hivyo, unene huo una gharama yake. Gurudumu lililosukumwa nje huielemea beringi, sawa na mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuiweka ubavuni. Usukani nao huanza kuvutwa na kila bonde la barabara.

Spesa ya milimita 15 kwa kila gurudumu huongeza upana wa milimita 30 kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Tairi likitokeza nje ya madigadi, hurushia wengine mawe na tope, na gari likijaa abiria ukingo wa madigadi hulikata. Springi na spesa hazifai kuchaguliwa kando kando. Kinachowezekana kwa gari lililo juu huenda kisiwezekane kwa lililoshushwa.

Baada ya kazi, magurudumu hayana budi kupangwa upya kwa mashine ya alainimenti, taa za mbele zirekebishwe, na nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Mengi ya hayo hurukwa kwa kuwa mteja amekwisha kulipa na gari limekwisha kupendeza.

Suala la sheria nalo lina utata. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki hutaka gari na sehemu zake zote zitunzwe kwa namna ambayo haitahatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani. Maneno hayo ni mazito, lakini hayamwambii mkaguzi iwapo milimita 30 ni sawa na 60 ni hatari.

Pasipo kipimo, uamuzi huachiwa jicho la afisa aliye barabarani. Kijana aliyenunua springi halisi na kuzifunga ipasavyo husimamishwa sawa na yule aliyekata zake kwa gesi. Wote wawili hujikuta wakijitetea kando ya barabara, na mazingira ya aina hiyo ndiyo yanayostawisha hongo. Aliyefuata utaratibu hukosa sababu ya kuufuata tena.

Nchi nyingine zimelivuka tatizo hili. Nchini Ujerumani, springi na spesa huuzwa zikiandamana na hati ya kiufundi, na pale inapohitajika gari hupelekwa kwa mtaalamu wa shirika kama TÜV ili mabadiliko yathibitishwe. Nchini Japani, yanakotoka mengi ya magari ya mitumba yanayoingia Kenya, ukaguzi hutaka tumbo la gari kwa kawaida lisiwe chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Kila mwenye gari anajua mpaka uko wapi.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, haihitaji kuiga yote hayo. Lakini ikiwa ukaguzi wa kila mwaka utatekelezwa, kanuni zake zitakuwa butu endapo hazitataja mambo machache kwa tarakimu: nafasi ya chini kabisa kati ya gari na ardhi, marufuku ya springi zilizokatwa, idadi ya mizunguko ambayo nati inapaswa kushika, na tairi kutotokeza nje ya madigadi. Hayo hupimwa kwa rula na macho, katika muda wa dakika chache.

Jambo jingine ni bima. Mwenye gari ana wajibu wa kuifahamisha kampuni ya bima mabadiliko makubwa aliyoyafanya. Anayenyamaza huipa kampuni hiyo mwanya wa kupinga dai lake ajali inapotokea, na kwa kawaida huligundua hilo akiwa tayari hospitalini au mahakamani.

Wapo watakaosema kwamba vijana wana haki ya kupamba magari waliyoyanunua kwa jasho lao. Ni kweli, na hakuna ubaya katika fahari hiyo. Lakini barabara ni ya wote. Gurudumu likichomoka kwa sababu ya nati iliyoshika mizunguko minne, haliendi kwa mwenye gari pekee. Huenda kwa mwendeshaji boda boda anayetoka upande wa pili, au kwa mtoto anayengoja kuvuka akaingie shuleni.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa mwenye gari, tahadhari hiyo ni rula, mizunguko ya nati na fundi anayekubali kuulizwa maswali. Kwa serikali, ni kuandika vipimo kabla ya kuanza kuwaadhibu watu kwa kuvikiuka.