Mwacheni Mtoto Asome Habari za Vita

Kila mada ya vita inapoguswa kwenye somo la fasihi ya watoto, hakosi mtu wa kunyoosha mkono na kusema, "Jamani, vitabu hivi si vitawatia watoto hofu?" Darasa zima linaitikia kwa vichwa. Mimi nakataa. Na nalisema hapa kwa sababu wengi wetu tunakwenda kuwa walimu. Kesho ni sisi tutakaoamua kitabu gani kikae kwenye rafu na kipi kirudi kwenye boksi.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Vingi kati ya vile vizuri vina mnyama ndani yake. Wapo wanaodhani mnyama huyo ni pambo tu, eti mtoto asichoke kusoma. Sivyo hata kidogo. Mnyama ana kazi.

Chukua The Silver Sword cha Ian Serraillier, kilichotoka mwaka 1956. Watoto wa familia moja ya Warsaw wanafunga safari ndefu kwenda Uswisi kuwatafuta wazazi wao, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa mwishoni. Pamoja nao yupo Jan, mtoto asiye na kwao, mdokozi, mkaidi, asiyemwamini mtu. Anachokipenda ni jogoo wake, Jimpy. Jogoo anakufa. Baadaye Jan anampata mbwa, Ludwig. Halafu dhoruba inawakuta ziwani, na Jan hawezi kuwafuata wote wawili, mbwa wake na Edek ambaye ni mgonjwa. Anamwacha mbwa, anakwenda kwa Edek. Hapo ndipo kitabu kilipo. Mtoto aliyenyang'anywa watu amejifunza upya kupenda kwa kulisha jogoo, na upendo huo sasa umefika kwa binadamu mwenzake. Niambie, hilo linatisha nini?

Au chukua War Horse cha Michael Morpurgo, cha mwaka 1982, kinachosimuliwa na farasi mwenyewe, Joey. Farasi hana upande. Anawafanyia kazi Waingereza, anatekwa na Wajerumani, anatunzwa na binti wa Kifaransa, Emilie, na babu yake. Kuna wakati ananasa katikati ya mahandaki ya pande mbili, na askari mmoja wa Kijerumani na mmoja wa Wales wanatoka kumsaidia, kisha wanarusha sarafu kuamua nani amchukue. Mtoto akisoma pale anaelewa, bila kuhubiriwa, kwamba mtu wa upande wa pili naye ni mtu. Wala mwandishi hamdanganyi: Emilie hafiki mwisho wa hadithi.

Sasa hii hofu tunayoisema ni ya nani? Mkoani Kigoma wapo watoto waliovuka mpaka kutoka Burundi na Kongo. Vita wanavijua kuliko wahadhiri wetu. Tukiwaondolea hadithi za namna hii hatuwakingi na chochote. Tunawaacha wabaki na yao peke yao. Na huyu wa mjini, je? Yuko kibanda umiza anaangalia muvi iliyotafsiriwa, watu thelathini wanaanguka kwa dakika moja na hakuna anayewalilia. Kwenye kitabu, jogoo mmoja akifa, mtoto anaomboleza. Kipi kinamfundisha uzito wa uhai?

Nakubali, si kila kitabu kinamfaa kila mtoto. Wa darasa la pili si sawa na wa darasa la saba. Na vipo vitabu vinavyomuua mbwa ili msomaji atoe machozi tu, basi. Ndiyo maana mwalimu anatakiwa asome kwanza. Kuchagua ni kazi yetu. Kufungia vyote ni uvivu.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa hapa hapa kwetu. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa majeshi, na mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Tanga, Novemba 1914, hata nyuki waliingia vitani wakawashambulia askari. Wanyama tunao, vijana tunao, safari ndefu tunazo. Lakini muulize mtoto anayeuza mifuko pale Kariakoo jina hilo limetoka wapi.

Idara ya Kiswahili ipo, wanaojiita waandishi tumejaa mabwenini. Mtu aanze na kijana mmoja na punda mmoja, njiani, mwaka 1916. Mimi nitakuwa wa kwanza kukibeba kitabu hicho kwenda nacho darasani.