Kinyozi Hajinyoi

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Hata awe fundi namna gani, akifika kwenye kisogo chake mwenyewe hana budi kumkabidhi mwenzake wembe. Ndivyo ilivyo kwa mtunzi wa hadithi. Aandikapo peke yake usiku, watoto wamelala na taa imepunguzwa, leo kila sentensi humwonekea kuwa dhahabu, na kesho kila sentensi humwonekea kuwa takataka; na katika hali zote mbili hana wa kumwambia ukweli. Miswada mingi huishia chini ya godoro, si kwa sababu ni mibaya, bali kwa sababu haikupata sikio.

Kisa cha Wakristo wachache wa mji wa Oxford, nchini Uingereza, kinastahili kusimuliwa katika nyumba za askari. Kwanza, wengi wao walipata kuvaa sare na kunusa baruti. Pili, vitabu vyao vinavyosomwa leo duniani kote vilizaliwa kutokana na jambo ambalo familia yoyote yaweza kulifanya: kusomeana kwa sauti na kuambiana kweli bila kuvunja urafiki.

Mkubwa wa kisa hiki ni Profesa J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa mwaka 1892 huko Bloemfontein, Afrika Kusini, akalelewa Uingereza. Akiwa mwanafunzi mjini Birmingham alikuwa na marafiki watatu wa chanda na pete, ambao walikutana kunywa chai na kuzungumza vitabu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, wote wanne waliingia jeshini. Rob Gilson aliuawa tarehe 1 Julai, 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Ufaransa. Geoffrey Smith alifariki Desemba ya mwaka huo huo kwa majeraha ya kombora. Wa tatu, Christopher Wiseman, alikuwa katika jeshi la wanamaji, naye aliokoka. Tolkien mwenyewe alikuwa ofisa wa mawasiliano katika batalioni ya askari wa miguu. Alirudishwa nyumbani na homa ya mahandaki, ugonjwa uletwao na chawa, na hapana shaka chawa hao ndio waliomnusuru na risasi.

Kabla ya kufa, Smith alikuwa amemwandikia Tolkien barua akimtakia kwamba, iwapo yeye hatarudi, basi Tolkien aishi ayaseme yale ambayo yeye Smith alijaribu kuyasema. Ni mzigo mzito kuachiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Tolkien aliubeba maisha yake yote. Mwaka 1918 mashairi ya marehemu Smith yalichapishwa kitabu kwa jitihada zake, na mwanawe wa tatu alimpa jina la Christopher, kwa heshima ya rafiki yule aliyebaki.

Mwenzake mkuu wa baadaye alikuwa C.S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Huyu alifika kwenye mahandaki ya Ufaransa siku aliyotimiza miaka kumi na tisa, tarehe 29 Novemba, 1917, na Aprili iliyofuata akajeruhiwa kwa kombora. Rafiki yake wa mafunzoni, Paddy Moore, aliuawa mwaka 1918. Lewis alimchukua mama wa marehemu pamoja na binti yake, akaishi nao nyumba moja, na mama huyo alimtunza hadi alipofariki mwaka 1951. Zaidi ya miaka thelathini! Ahadi ya askari kwa askari ilitimizwa jikoni, sokoni na kando ya kitanda cha mgonjwa.

Wawili hao walikutana Oxford mwaka 1926, wote wakiwa walimu wa chuo kikuu. Tolkien alikuwa Mkatoliki mshika dini. Lewis wakati huo hakuwa na dini. Mwishoni mwa mwaka 1929 Tolkien alithubutu kumpa Lewis utenzi mrefu aliokuwa ameutunga kwa siri kwa miaka. Lewis aliusoma usiku huo huo, akamwandikia kumsifu. Baadaye akaleta kurasa kadhaa za masahihisho. Akijua kwamba mtunzi huumia akiguswa, aliyatoa makosa yale kwa mzaha: alijifanya utenzi ule ni maandishi ya kale, na kwamba wataalamu wa kubuni wanabishana kama mstari fulani mbovu uliharibiwa na wanakili wazembe. Tolkien alicheka, kisha akaketi kuandika upya sehemu nyingi zilizoguswa. Huo ndio uungwana wa kukosoa, nao haufundishwi darasani.

Tarehe 19 Septemba, 1931, Lewis, Tolkien na mwalimu mwingine, Hugo Dyson, ambaye naye alijeruhiwa vitani, walitembea bustanini wakijadili imani hadi saa za usiku wa manane. Siku tisa baadaye Lewis alipanda kigari cha pembeni cha pikipiki ya kaka yake kwenda kutazama bustani ya wanyama ya Whipsnade. Kwa maelezo yake mwenyewe, walipoondoka alikuwa hajaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na walipofika alikuwa ameamini.

Mwenye pikipiki ile ni mtu ambaye vitabu vingi humpita haraka, nao wasomaji wa ukurasa huu wasimpite. Huyo ni Warren Lewis, ofisa wa jeshi aliyeshughulikia uchukuzi na vyakula vya askari. Alipata kutumwa Sierra Leone na Shanghai, akastaafu mwaka 1932, akaitwa tena vita vya 1939 vilipoanza, akapandishwa cheo kuwa Meja, akaondolewa Ufaransa mwaka 1940. Alirudi kwenye nyumba ya mdogo wake, akawa karani wake asiye na mshahara, akipiga taipu maelfu ya majibu kwa wasomaji waliomwandikia Lewis. Kisha yeye mwenyewe akageuka mwandishi wa historia ya Ufaransa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 58. Mstaafu anayedhani siku zake zimekwisha na azingatie hilo.

Birika la chai

Katika miaka ya 1930 marafiki hao walianza kukutana kila Alhamisi usiku katika vyumba vya Lewis chuoni Magdalen. Walijiita Inklings, neno la Kiingereza lenye maana ya fununu, nalo lafanana na neno la wino. Yaani watu wenye fununu ya jambo, walioloa wino. Hawakuwa na mwenyekiti, wala katiba, wala ada, wala daftari la wanachama. Walipotimia watu kadhaa, Meja Warren alipika chai nzito, viko vikawashwa, na mdogo wake akauliza kama kuna mwenye kitu cha kusoma. Aliyekuwa nacho alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, na kisha hukumu ikatolewa. Meja Warren ameacha maandishi yanayoeleza kwamba kundi lile halikuwa la kusifiana: kazi nzuri ilisifiwa bila choyo, na kazi mbaya iliambiwa kuwa mbaya.

Hapo ndipo matunda yalipopatikana. Wakati mmoja Lewis na Tolkien walilalamika kwamba hadithi za aina waliyoipenda hazipatikani, wakakubaliana waziandike wenyewe: Lewis ya safari ya angani, Tolkien ya safari ya nyakati zilizopita. Ya Tolkien haikumalizika. Ya Lewis ilimalizika, ikakataliwa na wachapishaji. Tolkien, ambaye kitabu chake kiitwacho The Hobbit kilikuwa kimetoka mwaka 1937, alichukua kalamu akamtetea mwenzake mbele ya mchapishaji wake, na mwaka 1938 kitabu cha Lewis kikatoka. Mtu aliyeshindwa kumaliza zamu yake hakumwonea mwenzake kijicho, alimfungulia mlango.

Deni hilo lililipwa mara nyingi. Tolkien alianza The Lord of the Rings mwishoni mwa mwaka 1937, akakwama mara kwa mara, maana alikuwa mwenye kusahihisha hata masahihisho. Lewis alimsukuma, akamdai sura inayofuata kama mwenye duka anavyodai deni. Mwaka 1944 mwanawe Christopher alipokuwa Afrika Kusini kwa mafunzo ya urubani wa jeshi la anga, Tolkien alimtumia sura mpya kwa posta kadiri zilivyoandikwa. Baba alikuwa na mwana wake vitani, na hadithi ikawa uzi uliowaunganisha. Kitabu kilichapishwa kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955. Tolkien alikiri baadaye kwamba bila ya Lewis kumtia moyo asingeona kazi ile kuwa zaidi ya mchezo wake wa faragha.

Vita hivyo hivyo vilimleta Charles Williams, mhariri wa nyumba ya vitabu ya Oxford iliyohamisha ofisi zake kutoka London mwaka 1939. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, lakini alikuwa ameandika riwaya, nao wasomi walimkalisha kitako miongoni mwao. Tarehe 15 Mei, 1945, wiki moja tu baada ya amani kutangazwa Ulaya, Lewis alikwenda hospitali akiwa na kitabu cha kumwazima, asijue kwamba hali ni mbaya. Alipofika akaambiwa Williams amekufa. Ilikuwa Jumanne, siku ambayo marafiki hukutana mchana katika baa ya jirani. Lewis alitembea hatua zile chache kwenda kuwapa wenzake habari.

Walifanya nini? Hawakuishia kulia. Walikuwa wamekusudia kumtolea Williams kitabu cha insha kama zawadi ya kumuaga atakaporudi London. Waligeuza zawadi ikawa ukumbusho, kitabu kikatoka mwaka 1947, na faida yake ikaelekezwa kwa mjane. Kila askari ajua jinsi rambirambi zinavyojaa siku ya mazishi na kupungua baada ya arobaini. Hawa walifanya rambirambi ya kalamu iliyoendelea kumfikia mjane.

Neno moja baya

Isidhaniwe kwamba walikuwa malaika. Kundi lao lilikuwa la wanaume watupu. Bibi Dorothy L. Sayers, mwandishi Mkristo hodari na rafiki wa Lewis kwa barua, alitoa insha katika kitabu kile cha Williams, lakini hakuwa na kiti katika Alhamisi zao. Wake zao walibaki nyumbani na watoto. Baadaye Lewis alipofanya urafiki na Bibi Joy Davidman, mwandishi kutoka Marekani ambaye hatimaye alimwoa, aligundua alichokuwa amekikosa: riwaya yake ya mwaka 1956, Till We Have Faces, ilipata uhai baada ya bibi huyo kuketi naye, kupigapiga mawazo na kumkosoa. Mhakiki bora aweza kuwa yuko upande wa pili wa meza ya chakula, akingoja kuulizwa.

Kosa la pili ni la ulimi. Hugo Dyson alichoshwa na hadithi ya Tolkien, akawa hafichi kuchoka kwake, na kufikia mwaka 1947 Tolkien hakuweza kuisoma Dyson awapo chumbani. Naye Tolkien hakupona dhambi hiyo hiyo. Mwaka 1949 Lewis alipomsomea mwanzo wa hadithi yake ya watoto, The Lion, the Witch and the Wardrobe, Tolkien aliichukia, na Lewis akavunjika moyo. Bahati njema alimsomea pia mwanafunzi wake wa zamani, Roger Lancelyn Green, ambaye alimwambia aendelee. Kitabu kilitoka mwaka 1950, nacho kimekuwa kipenzi cha watoto hadi leo. Mtu yule yule aliyeokolewa na sikio la rafiki nusura amnyime rafiki sikio lake.

Alhamisi moja ya Oktoba 1949 hakutokea mtu. Hapakuwa na ugomvi wala tangazo. Chai haikupikwa, basi. Mikutano ya mchana katika baa iliendelea miaka mingi, lakini usomaji ule wa usiku haukurudi. Urafiki wa Lewis na Tolkien nao ulipoa, ila haukufa: Lewis ndiye aliyependekeza jina la Tolkien kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1961. Lewis alifariki tarehe 22 Novemba, 1963. Meja Warren na Tolkien walifariki mwaka mmoja, 1973.

Katika kila kambi na kila mtaa wa polisi yupo mwenye daftari: koplo anayetunga hadithi zamu ikiisha, mama anayeandika igizo la Krismasi la watoto wa kanisa, kijana aliyeacha shule lakini hajaacha kusoma. Hawa hawahitaji jumba wala ruhusa ya kuanzisha chama. Wanahitaji jioni moja katika juma, birika la chai, na watu watatu au wanne wenye kujua kusikiliza. Atakayesikiliza na ataje kwanza lililo zuri, kisha aonyeshe kosa mahali pake, na asicheke cha mtu kabla hajasoma chake. Atakayesoma na avumilie wembe, maana kisogo chake hakioni.

Na juma ambalo mwenzao hakutokea, mmoja wao na aende akabishe hodi kwake.