Aliyejifunza ni Mwenyekiti au ni Kikundi?

Vikundi vingi vina desturi hii: mwaliko wa mafunzo ukifika, anatumwa mwenyekiti au katibu. Anarudi na daftari, anaeleza dakika 10 mwisho wa kikao, anapigiwa makofi, basi. Msimu ukianza kila mtu analima alivyozoea. Hapo amejifunza mtu mmoja. Kikundi hakijajifunza kitu.

Maoni yangu ni kwamba kikundi kimejifunza pale tu utaratibu wake wa kazi unapobadilika.

Chukua ghala la mahindi la kikundi. Mtunza ghala anajua kupima ukavu: anatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, anatikisa, anaacha itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Mahindi yarudi juani, na kwa kuhifadhi muda mrefu yashuke hadi 13. Sasa mtu huyu akihama au akiugua wakati wa mavuno, ujuzi umeondoka naye. Magunia yanapokelewa kwa kutazamwa tu, ukungu unaingia, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika. Anayeumia ni kila atakayekula ugali wa ghala hilo.

Kubandika kanuni ukutani pekee hakutoshi. Kanuni ambayo wanachama hawajui sababu yake huvunjwa siku ya kwanza foleni ya magunia ikiwa ndefu. Kila mmoja aone mwenyewe, kisha wote waamue pamoja. Shamba darasa linafanya kazi hivyo. Njia hii ilianza kwenye mashamba ya mpunga Indonesia mwaka 1989, kwa msaada wa FAO: wakulima hukutana kila wiki, hukagua mimea na wadudu, huchora walichokiona, hujadiliana, ndipo huamua kama kuna haja ya kupulizia dawa.

Nanyi fanyeni hivi:

1. Kwenye mafunzo tumeni watu wawili, mmoja asiwe kiongozi. Ujuzi usiwe mali ya cheo.
2. Ndani ya wiki moja wafundishe kwa vitendo. Kila mwanachama ashike chupa na kuitikisa mwenyewe.
3. Kubalianeni jambo moja la kubadilisha, mfano: gunia haliingii ghalani bila kupimwa na watu wawili. Liandikwe kwenye daftari la kikundi, pamoja na zamu.
4. Baada ya msimu jadilini limewafaa wapi na limekwama wapi, kisha lirekebisheni.

Mwaliko ujao ukifika, kabla ya kuuliza nani aende, ulizaneni: huyu tunayemtuma asipokuwepo msimu ujao, nani atapima mahindi yetu? Kama hakuna jibu, anzeni hapo.