Paka wa Nyumbani Naye Apewe Nafasi Katika Shoo

Najua wapo watakaoliona jambo hili kuwa la mzaha. Mtu mzima wa Likoni, mwenye shida ya maji na ya kivuko kama wenziwe, ashike kalamu atetee mashindano ya paka! Lakini nimelitazama jambo hili mbele na nyuma, na sioni mzaha ndani yake. Nasema kwamba katika Maonyesho ya Kilimo ya Mombasa, yale tuyaitayo Shoo, yafanyikayo kule Mkomani, ingefaa itengwe siku moja na banda moja la kushindanisha paka wa nyumbani. Sisemi paka wa kununuliwa kwa maelfu ya shilingi. Nasema paka hawa hawa wetu wa Mtongwe, Mishomoroni na Chaani, ambao mama zao twawajua na baba zao hatuwajui.

Katika Shoo nimepata kuona ng'ombe wakipitishwa mbele ya waamuzi wakiwa wamesuguliwa hadi wanang'aa. Nimeona mbuzi na kuku wakipewa tepe. Paka sijamwona huko ila yule apitaye chini ya meza za wauza chakula akitafuta riziki yake.

Wenzetu wa Uingereza walianza zamani. Tarehe 13 Julai mwaka 1871, mchoraji mmoja aitwaye Harrison Weir alifanya maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London. Bwana huyu hakuwa na nia ya kuwapa matajiri mchezo mpya. Aliona jinsi paka anavyodharauliwa na kupigwa mitaani, akafikiri kwamba watu wakimwona paka ametukuzwa mbele ya hadhara, nao watamheshimu nyumbani. Kwa sababu hiyo maonyesho ya wakati ule yaliweka hata zawadi za paka wa watu wa kazi, yaani vibarua na mafundi, si za paka wa mabibi wakubwa peke yao.

Baadaye mambo ya nasaba yaliingia. Vyama vikaundwa, vitabu vya vizazi vikaandikwa, ikawa paka wa Kiajemi lazima awe na pua ya namna fulani na paka wa Siam awe na kichwa cha namna fulani. Huko mimi siwafuati. Lakini kundi la paka wa nyumbani halikufa. Chama cha TICA cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1979, humpa paka asiye na nasaba daraja na vyeo vyake kama wale wenye vyeti vya ukoo. Na hapa ndipo penye maana. Paka wa kundi hili hapimwi kwa urefu wa mkia wala umbo la sikio. Mwamuzi humweka mezani, akamtazama macho kama ni maangavu, masikio kama hayana uchafu, manyoya kama yamelala vizuri, mwili kama una nyama ya kutosha bila ya kuzidi, kisha akampima tabia: je, anakubali kushikwa na mgeni, au anararua watu? Paka mwenye jicho moja au miguu mitatu haondolewi kwa kilema chake. Na aliyekwisha kukua sharti awe amehasiwa, au kama ni jike, amefungwa kizazi.

Ndugu msomaji, ukiliangalia shindano la namna hiyo utaona kwamba anayeshindana hasa ni mwenye paka. Paka hawezi kujitibu viroboto. Hawezi kujipeleka kuchanjwa. Akishinda, basi kuna mtu nyumbani aliyemtunza, na mtu huyo aweza kuwa mama muuza samaki wa Mtongwe au kijana wa shule wa Chaani. Ng'ombe wa maziwa wa kushinda Mkomani ataka shamba na mtaji. Paka ataka mikono na moyo.

Tena sisi wa Pwani tuna sababu zaidi ya wengine ya kulijali jambo hili. Yapata kilomita 110 kaskazini ya Mombasa upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Ndani na kando ya msitu huo Wagiriama walikuwa wakiwajua paka fulani wenye mabaka ya kahawia yaliyozungukana kama gamba la mti mkavu, wakawaita kadzonzo. Mwaka 1978 bibi mmoja mkaazi wa Watamu, Jeni Slater, aliokota watoto wa paka hao, akawalea. Katika miaka ya 1980 baadhi ya vizazi vyao walichukuliwa mpaka Denmark na rafiki yake, Gloria Moeldrup, wakatiwa katika maonyesho ya huko. Mwaka 1993 shirikisho la vyama vya paka la Ulaya likawatambua rasmi kuwa ni aina kamili, kwa jina la Sokoke. Leo ukimtaka paka huyo katika maonyesho ya Ulaya utamwona, na sheria zake zimeandikwa: miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, mwendo wa kunyata, mabaka ya namna ile ile aliyoyajua Mgiriama tangu hapo.

Sisemi bibi hao walikosea. Bila wao huenda jina la Sokoke lisingejulikana nje ya Kilifi. Lililonikaa rohoni ni jingine: paka aliyekuwa akipita nyuma ya nyumba zetu akifukuzwa kwa kijiti, alipofika Denmark aliwekewa mto. Wataalamu waliochunguza chembe za urithi wanasema kwamba paka huyu ana udugu na paka wa Asia. Mimi sikushangaa. Jahazi zilizokuja na upepo wa kaskazi zilileta tende na mazulia, na humo ndani panya walikuwamo, na panapo panya baharia mwenye akili hasafiri bila paka. Huenda basi hata huyu wangu, aliyelala juu ya gunia ninapoandika, ana babu aliyeshuka bandarini kabla ya babu yangu mimi.

Sasa tutazame hali yake hapa ng'ambo. Kwa desturi yetu paka ana heshima asiyokuwa nayo mbwa: huingia ndani, hulala mkekani, wala chombo alichonusa hakihesabiwi kuwa najisi. Lakini heshima hiyo haifiki mbali. Paka akizaa watano, wanne hutiwa katika mfuko wakatupwa karibu na soko la Kongowea au kwenye vibanda vya feri, na aliyewatupa hujiambia kwamba pale hawatakosa vichwa vya samaki. Wengine hufa kwa kula panya waliokula sumu tuliyoitega wenyewe. Chakula chao nacho ni ugali uliolowekwa katika mchuzi, na watu hawajui kwamba paka si kama mbwa. Yeye ni mla nyama hasa, na akinyimwa nyama na samaki kwa muda mrefu, macho na moyo wake huharibika. Dagaa kidogo kila siku wangemfaa kuliko sufuria nzima ya ugali.

Juu ya hayo kuna kichaa cha mbwa. Jina lake limewadanganya wengi, kwani paka naye huambukizwa, na akimkwaruza au kumuuma mtoto aweza kumtia hatarini. Serikali ya Kenya ilijiwekea mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu kati ya mwaka 2014 na 2030, na mbwa ndio waliotiliwa mkazo. Sawa. Lakini ni nani katika mtaa wako aliyempeleka paka kuchanjwa? Mimi nimeuliza katika nyumba za jirani zangu, nikaangaliwa kama mtu aliyepigwa na jua.

Hapo ndipo shindano lingefanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Weka sharti kwamba hakuna paka atakayeingia bandani bila cheti cha chanjo, na daktari wa mifugo awepo mlangoni na sindano zake kwa wale waliokuja bila hicho cheti. Weka sharti la kuhasi kwa paka wazima. Mtu atakayekataa kumhasi shume wake kwa sababu za afya, atakubali kwa sababu ya kumshinda jirani. Binadamu ndivyo tulivyo.

Kuna hoja moja ambayo naipa uzito. Paka hapendi safari. Mchukue kutoka Likoni, umvushe feri katikati ya honi na umati, umpandishe matatu mpaka Mkomani, atafika amepagawa, na hapo umemtesa kwa ajili ya utepe. Ni kweli. Dawa yake ni kuanza mapema: mzoeze tundu wiki kadhaa kabla, alale humo, ale humo, kisha mtoe matembezi mafupi. Asibebwe katika gunia wala pakacha la kufungwa kamba. Kucha zikatwe ncha. Kama anaogeshwa, aogeshwe siku mbili kabla, manyoya yapate kurudi. Na aliye mwoga abaki nyumbani. Si kila paka ameumbwa kwa hadhara, kama vile si kila mtu ameumbwa kuimba taarabu. Tena banda liwe na kivuli na upepo, mbali na vipaza sauti vya wauza sabuni. Hili la mwisho, kwa mtu aijuaye Shoo, ndilo gumu kuliko yote.

Wale waniulizao kama hatuna shughuli nyingine nitawajibu kwamba farasi hatuna, lakini Lamu hushindanisha punda, na mashindano hayo hayajamzuia mtu kulima wala kuvua.

Limebaki suala la upendeleo. Katika maonyesho ya kale ya Uingereza wenye paka hutolewa nje ya ukumbi wakati wa kuhukumu, na kila tundu huwa na shuka jeupe na bakuli jeupe, bila jina, mwamuzi asipate kujua paka ni wa nani. Utaratibu huu naupenda, nao utatufaa sana hapa ambapo kila mtu ni shemeji wa mtu. Lakini paka wa Kisauni, akiisikia sauti ya mwenyewe nje ya ukuta, ataitika. Kwa hiyo mwamuzi na atoke mbali, Voi kwa mfano, awe mtu asiye na jamaa Likoni, Kisauni wala Changamwe, na nauli yake ilipwe mapema.